Walisema Babu Kasafiri

Siku tulipomzika Mwalimu Varghese, padri alisimama kando ya kaburi, manyunyu yakimdondokea kwenye miwani, akasema marehemu katika maisha yake yote hakumdhuru hata sisimizi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimesimama nyuma, bega kwa bega na mjane wake, Anti Aleyamma, naisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele zake, na hasira iliyonipanda pale ilinishangaza mwenyewe, kwa sababu mzee yule nilimpenda na nilikuwa nimemlilia tangu asubuhi. Lakini kutomdhuru mtu ni jambo moja, na kumwona mtu akidhuriwa ukafunga mdomo ni jambo jingine. Padri alikuwa kijana, hakujua. Tuliojua tulikuwa wawili tu pale makaburini, mimi na Anti, naye Anti aliushika mkono wangu akaubana, kama aliyesikia niliyokuwa nayasema moyoni.

Harufu ile ya mafuta ya nazi ndiyo iliyonirudisha sebuleni kwao, Lewisham, London, nikiwa na miaka tisa.

Tulikaa kwenye majengo ya kaunseli, nyumba za kupanga za serikali ya mtaa, ghorofa ya tatu, mahali ambapo lifti ilifanya kazi siku inayotaka yenyewe. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, aliyefanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, Bibi, mzaa mama, na mimi. Baba yangu aliachana na Mama kabla sijajua kutembea, na kisa hiki hakimhusu. Bibi hakujua Kiingereza wala hakuwa na haja nacho, ndiyo maana mimi Kiswahili nilikisema, tofauti na watoto wenzangu wa Kizanzibari waliosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza.

Flati iliyotukabili ilikuwa ya Mwalimu Varghese na mkewe. Walikuwa Wamalayali, watu wa Kerala, kusini mwa India. Anti alikuwa nesi. Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu Unguja miaka mingi, tangu kabla ya Mapinduzi mpaka baada yake, na alipofika London hakuna aliyevitaka vyeti vyake, basi akawa anakata tiketi kwenye stesheni ya treni. Yeye ndiye aliyehangaika mpaka Mama na Bibi wakapata flati jirani na yake, na Anti ndiye aliyempeleka Mama hospitalini kuomba kazi. Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa kile chetu cha mjini, ila ngeli zilimshinda, kwake kila kitu kilikuwa "ile." "Salma, lete kiti ile," ataniambia, na Bibi atacheka mpaka ajishike mbavu.

Kila Jumapili mchana, wakisharudi kanisani, walituita kutazama video. Kaseti walizikodi kwenye duka la mwenzao mmoja East Ham, filamu za kwao, kwa lugha yao, wala hazikuwa na maandishi chini. Mwalimu alikaa kwenye stuli kando ya televisheni akatufasiria. Kufasiri kwake hakukuwa kwa kawaida: alilia na waliolia, akawa mama mkwe kwa sauti nyembamba, akawa jambazi kwa sauti ya pipa tupu. Anti aligawa ndizi za kukaanga, Bibi alileta chai ya tangawizi kwenye chupa. Nikiwa mtoto niliamini filamu zote za Kihindi zimetengenezwa ili Mwalimu Varghese aseme Kiswahili juu yake.

Sasa niseme juu ya Babu. Babu nilimjua kwa neno moja tu: kasafiri. Alikuwa mwalimu wa jiografia, shule moja na Mwalimu Varghese, na kila nilipouliza yuko wapi, Mama alijibu, "Babu yako kasafiri." Wapi? "Mbali." Atarudi lini? "Inshallah." Kwa akili yangu, mwalimu wa jiografia kusafiri ni jambo lenye maana kabisa, kaenda kuzihakiki zile nchi alizokuwa akizifundisha. Shuleni niliwaambia wenzangu babu yangu yuko Brazili, mwezi uliofuata nikamhamishia Japani. Nilimchorea na ramani, nikampitisha kwenye mito mikubwa, nikampumzisha visiwani, na mwalimu wangu wa darasa akaibandika ukutani kwa sifa. Nikiikumbuka ramani ile hadi leo uso unaniwaka. Mtoto anadanganywa, halafu anapewa zawadi kwa uongo aliodanganywa.

Filamu ya Jumapili ile ilikuwa ya upelelezi. Katika mji mdogo wa mashamba ya mpunga na mifereji, watu wanauawa mmoja baada ya mmoja, na mpelelezi mwenye masharubu mazito anamtafuta muuaji. Haya nayasema leo. Siku ile sikuelezwa hivyo. Ilipotokea maiti ya kwanza, mwanamke kalala ukingoni mwa shamba, viatu vyake vimepangwa vizuri pembeni, Anti alimwambia mumewe kitu kwa Kimalayali huku akinielekezea kidevu. Mwalimu akakohoa.

"Huyu mama kasafiri," akasema.

Maiti ya pili ilikuwa ya karani, kainamia meza yake. "Na huyu naye kasafiri." Ya tatu waliikuta chini ya daraja. Naye kasafiri. Yule mpelelezi akirudi chumbani kwake anayaandika majina yao ukutani kwa mkaa, anakaa kuyatazama, hali wala halali. Mimi nikapata maana yake: huyu ni afisa wa uhamiaji. Kwenye majengo yetu hakukuwa na neno lililotisha kama uhamiaji. Nilishaona mlango wa jirani wa ghorofa ya pili ukigongwa asubuhi na watu wenye makaratasi, na jirani yule hatukumwona tena. Basi nikawaonea huruma wasafiri wale walioondoka bila pasipoti, nikamchukia mwenye masharubu, nikaomba asiwapate.

Ikaja maiti ya nne. Mtu wa makamo, kavaa shuka jeupe kiunoni na miwani, amekaa kizingitini kwake anasahihisha madaftari. Gari linasimama. Mtu ambaye uso wake hauonyeshwi anamwita, naye anaondoka na kandambili zake, anageuka na kumwambia mkewe neno, kama vile narudi sasa hivi. Kisha tunaona anatolewa kisimani, kafunikwa, upepo unalipeperusha shuka na uso unabaki wazi. Mkewe anajipiga kifua.

Nilimgeukia Mwalimu nikingoja. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Mwishowe akasema, bila kuigiza, "Kasafiri."

Lakini mimi uso ule nilikuwa nimeuona. Mtu hasafiri hivyo.

"Kasafiri kama Babu?" nikauliza.

Mama akanifinya paja. Mwalimu akabonyeza kitufe, na picha ikaganda pale pale, yule mke mikono kifuani, mistari ya kaseti ikimtetemesha. Bibi hakunitazama. Alikuwa anamtazama yule mwanamke.

"Ndiyo," akasema. "Kama babu yako."

"Mama!" Mama akapaza sauti.

"Nimsafirishe mpaka lini, Maryam? Mtoto ana macho."

Kesho yake shule ilikuwa imefungwa na Mama yuko kazini. Bibi aliniweka jikoni, sinia la mchele katikati yetu, akanieleza huku vidole vyake vikitoa chuya na vijiwe, hakuvisimamisha hata mara moja. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, watu wakisema mambo yametulia. Alasiri moja Babu alikuwa nje barazani anasahihisha mitihani, Mwalimu Varghese yuko ubavuni pake na yake. Bibi yuko ndani. Mama yangu, msichana wa miaka kumi na minne, yuko chuoni anasoma Kurani. Gari likasimama, Bibi akasikia sauti: "Mwalimu, unaitwa mara moja." Babu akaingia kuchukua kofia, akamwambia, "Chai yangu usiimwage."

"Niliiacha siku tatu," Bibi alisema. "Ikaota ukungu."

Akaenda ofisi ya kwanza, wakamwambia hawana mtu huyo. Ya pili wakamwambia arudi kesho, na kesho, na kesho. Ya tatu akamkuta kijana ambaye yeye Bibi angeweza kumzaa, kakunja miguu juu ya meza, akamwambia, "Mama, mumeo kasafiri. Kwani hujaambiwa?" Wenzake wakacheka.

"Kwa hiyo neno lile si langu," Bibi akasema. "Nilipewa. Na nikaambiwa nikisema jingine, nina binti."

Niliyaelewa haya kadiri ya mtoto wa miaka tisa, lakini hasira niliielewa yote. Neno la kijana yule, lililosemwa kwa dhihaka na miguu juu ya meza, lilikuwa limefungashwa na mizigo yetu, likavuka bahari, likaingia kwenye flati ya Lewisham, nikafundishwa mimi pamoja na maneno ya adabu. Mjukuu wa mtu aliyeuawa alikuwa anawasemea wauaji wake, tena mbele ya darasa, na ramani juu.

Siku mbili baadaye nilimsihi Anti anionyeshe filamu iliyobaki. Alikataa, kisha akakubali, akaiweka bila kufasiri. Sikuhitaji. Muuaji alikuwa daktari wa mji, yule yule aliyekuwa akiandika vyeti vya vifo, mtu ambaye akipita hata wazee wanasimama. Mpelelezi hakumfuata kwake. Alimngoja siku ya sherehe, umati umejaa, akamuuliza mbele ya watu. Umati ukashtuka, ukanyamaza, halafu ukamgeukia daktari. Mama mmoja akamtupia kiatu.

Nikajifunza, basi, kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa: ukiuliza swali la kweli mbele ya watu, watu watakuwa upande wako. Hili lilikuwa kosa langu la pili la kuielewa vibaya filamu ile, na lilikuwa kubwa kuliko lile la uhamiaji.

Nilichukua daftari jipya, nikaandika: Nani alikuwepo? Bibi alikuwa ndani, hakuona. Mama hakuwepo. Akabaki mmoja. Nikavuka ukumbi, nikagonga.

Mwalimu alikuwa anapiga pasi shati lake la kazini. Anti alikuwa zamu.

"Mwalimu, ndani ya gari ulimwona nani?"

"Gari ipi?" akasema, lakini hakuniuliza nani kanituma, na pasi ikasimama.

"Gari la Babu."

"Salma, mimi nilikuwa mgeni kule. Mgeni ana mkataba. Mkataba ile unaandikwa na watu wale wale."

"Ulimwona nani?"

Alichomoa pasi, akakaa. "Wawili walioshuka sikuwajua. Yule aliyekaa mbele, hakushuka, nilimjua. Nilimfundisha aljebra. Alinisalimia. 'Shikamoo, Mwalimu,' akasema, na babu yako anapanda kiti cha nyuma."

"Bibi anajua?"

Akatikisa kichwa. "Kwanza niliogopa. Halafu ikawa mwaka, ikawa miaka. Mtu ataanzaje?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, lugha ambayo sikuwahi kusema naye, kwa sababu kwa Kiswahili sikuwa na ujasiri wa kumwita mtu mzima mwongo. Nilimwambia yeye ni mwongo. Nilimwambia anatuigizia sauti za watu wote na yake mwenyewe kaificha. Sijui kama niliisema vizuri hivyo, ndivyo ninavyoikumbuka. Nakumbuka hakika kwamba alisimama, akavaa lile shati nusu limenyooka nusu limekunjana, akavuka ukumbi, akagonga kwetu.

Bibi alimsikiliza mlangoni mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Chai yangu umeinywa miaka mingapi, Mwalimu?" na akafunga mlango.

Jumapili tatu hatukwenda kwenye video. Nikaanza kuukagua wema wake wote: flati aliyotutafutia, kazi ya Mama, ndizi za kukaanga. Nilijiuliza kipi kilikuwa upendo na kipi kilikuwa woga wake unatafuta pa kujificha. Leo nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule na bado sijaweza kuvitenganisha. Lakini aliyeshuhudia hana haki ya kuchagua lini atashuhudia. Bibi alikuwa analala hatua sita kutoka kwenye habari ya mumewe, na mwenye habari hiyo alikuwa akimpigia hodi kuomba sukari.

Yule mwanafunzi wa aljebra alikuwa keshapanda vyeo huko nyumbani. Jina lake silitaji, maana wanawe hawakupanda gari lile. Watu walimwita Mheshimiwa, nami nitamwita hivyo hivyo, na kila atakayesoma ajue nalisema kwa meno. Mwezi ule ule alikuja London kutibiwa jicho, na Bi Zuwena, mwanamke mwenye nyumba kubwa Peckham, akaalika Wazanzibari wote kumkaribisha kwa chakula cha mchana. Mwaliko ukatufikia na sisi. Mama akauchana. Bibi akaviokota vipande, akavuka ukumbi, akagonga kwa Mwalimu kwa mara ya kwanza tangu afunge mlango.

"Jumapili kanisani hutakwenda," akamwambia. "Utavaa koti. Tunatoka."

"Nitakuja," akasema Mwalimu. Hakuuliza wapi.

Mama alikuja pia, kwa kutukimbilia. Alitupata kituo cha basi, buibui kavaa upande. "Mama, tuna ndugu kule," akawa anasema njia nzima. "Mama, wataulizwa wao." Na hili sitamlaumu, kwa sababu lilikuwa kweli. Hofu ya Mama haikuwa ya kijinga. Iliyonikera ni kwamba ilikuwa na haki.

Nyumba ya Bi Zuwena ilinukia biriani na udi toka barabarani. Mheshimiwa alikaa kwenye kochi kubwa, kitambaa cheupe juu ya jicho moja, mtu mzuri wa sura, sauti laini, na watu wanapita mbele yake kwa foleni kumpa mkono. Nilishangaa. Nilitegemea uso wa jambazi. Alikuwa anafanana na wajomba wa watu.

Zamu yangu ikafika, daftari nimelikumbatia kifuani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unasoma darasa la ngapi?"

"Babu yangu alipanda gari lako," nikasema. "Wewe ulikaa mbele. Mlimpeleka wapi?"

Kukawa kimya kama kile cha kwenye filamu, na mimi nikasubiri wageuke. Wakageuka kweli. Wakanigeukia mimi.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Kafundishwa! Maneno haya si ya mtoto."

"Mgeni mgonjwa, jamani! Hata aibu hamna?"

"Mambo ya zamani hayo, yaacheni yalale."

Bi Zuwena alininyang'anya daftari. Mama alipenya akanishika mkono kunitoa, uso wake umegeuka majivu. Nilikuwa nalia, si kwa woga, ni kwa kushindwa kuelewa. Hawa walikuwa watu wetu. Kila mmoja wao nyumbani kwake alikuwa na mtu aliyesafiri. Baadaye nilikuja kujua hata Bi Zuwena alikuwa na kaka. Na wote waliokuwa wakinizomea walikuwa wanaushika ule mkono laini mmoja mmoja, kwa foleni, wakiuomba msaada wa viza, kiwanja, barua ya mtoto. Hakuna umri nitakaoufikia nikayasamehe makelele yale.

"Mwache," sauti ikasema kutoka upande wa wanawake. Bibi alisimama. Alikuwa mfupi, na watu ilibidi wasogee ili aonekane. "Mtoto wangu mimi. Mjibu."

Mheshimiwa akatabasamu. "Bi mkubwa, siku zile watu wengi waliitwa. Mimi siwezi kumkumbuka kila—"

"Ulinisalimia," akasema Mwalimu Varghese.

Alikuwa mlangoni na koti lake, kofia mkononi, Mkristo peke yake na Mhindi peke yake katika nyumba ile. "Gari ile ilikuwa nyeupe. Dirisha ile ilikuwa wazi. Ulisema shikamoo, na mimi nikakuitikia. Nikasema marahaba." Akasogea hatua moja ndani. "Nilikuitikia, mwanangu. Kisha nikakusanya mitihani zangu, nikaenda nyumbani."

Siku ile hakuna aliyezicheka ngeli zake.

Mheshimiwa alikigusa kitambaa cha jicho lake kama kwamba kinambana. Alimtazama Mwalimu muda mrefu, na naapa kwamba kwa dakika moja alikuwa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Hakumaliza wiki. Ijumaa iliyofuata alikuwa keshafariki."

"Kazikwa wapi?" Bibi akauliza.

"Wallahi hilo sijui. Nilikuwa kijana, Bi mkubwa. Nilitumwa."

"Kumchukua ulitumwa. Na kuja kuniambia, nani alikukataza?"

Bibi alisubiri kweli kweli, kama mtu anayesubiri ofisini, ambako alishasubiri sana. Kisha akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti, katikati ya sahani za biriani, vile inavyosemwa habari inapofika sasa hivi. Na ilikuwa imefika sasa hivi. Katika nyumba iliyojaa Waislamu hakuna aliyeinuka kumpa mkono wa tanzia. Aliyeuinua mkono wake ni Mwalimu, kisha akakumbuka mwanamke wa watu hashikwi mkono, akaushusha. Tulipofika mlangoni Bi Zuwena alitufuata. Nilidhani anarudisha daftari langu.

"Mmetuharibia shughuli," akasema.

Bibi alipiga simu kwa sheikh siku ya pili, mtu mwema, aliyewazika watu wetu wengi wa London. Akamweleza kwamba anataka kukaa eda. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, na sauti ya sheikh ilikuwa kubwa, niliisikia yote.

"Bi mkubwa, Mungu amrehemu. Lakini eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki. Yako ilishapita zamani."

"Imepita?" Bibi akasema. "Nani aliikaa?"

Sheikh akaeleza kwa upole kwamba si wajibu wake tena kuikaa.

"Sikukuuliza wajibu, mwanangu. Nimekuarifu."

Ukawa ndio mwisho wa mazungumzo. Mama, ambaye tangu Peckham alikuwa hasemi na mtu, alitoka kimya kimya akaenda soko la Lewisham, akarudi na jora la kitambaa cheupe. Akavifunika vioo vyote yeye mwenyewe, hata kile kidogo cha bafuni. Alipomaliza cha mwisho aliketi sakafuni palepale akamlilia baba yake, kwa sauti ya msichana wa miaka kumi na minne, mpaka majirani wa juu wakagonga dari.

Bibi akakaa kizuka miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila wanja, bila manukato, kwenye chumba kinachotazama maegesho ya magari. Ya Wazanzibari wenzetu nitayasema kwa kifupi, maana yakinizidi nitatukana: walikuja wanne. Wengine waliacha hata kutuitikia salamu sokoni. Anti alikuja kila alipotoka zamu, akakaa naye, akamsuka nywele. Mwalimu hakuingia, kwa kujua adabu ya eda. Aliacha mkate na maziwa mlangoni kila asubuhi, akagonga mara moja, akaondoka. Mara nyingine nilimsikia anasimama kidogo kwanza. Siku ya mwisho Mama na Anti walimwogesha Bibi, wakamvalisha kanga mpya, na jioni hiyo Bibi akanituma nikamwite Mwalimu aje anywe chai. Alikuja. Walikunywa bila kusema lolote la maana. Kama huko ndiko kusamehewa sijui, na sikuwahi kuuliza.

Wiki ile ile nilimsindikiza Bibi kliniki kwa ajili ya magoti yake. Daktari wetu alikuwa amebadilishwa, ikabidi tujaze fomu upya. Nilimsomea nikimfasiria, jina, mtaa, mwaka wa kuzaliwa ambao tulikisia. Tukafika pahala penye visanduku vinne.

"Hapa wanauliza nini?"

"Hajaolewa, ameolewa, ameachika, au mjane."

"Nionyeshe hilo la mwisho liko wapi."

Nilimwonyesha, nikataka kuweka alama, akanishika mkono akaichukua kalamu. Bibi hakuandika kwa herufi za Kizungu maisha yake yote, na kalamu aliishika kama sindano. Akaikandamiza kwenye kisanduku, mstari mmoja, mstari wa pili, mpaka karatasi ikatoboka na wino ukaingia kwenye meza. Msichana wa mapokezi akasema, kwa upole tu, kwamba fomu imechanika, akatupa nyingine. Bibi akaivuta mbele yake, akakitafuta kisanduku kile kile bila kunisubiri, akakandamiza tena.